Maswali ya wasomaji: afande wa kijiji, maiti mwaloni

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu hadithi za mauaji ambazo mpelelezi wake ni polisi wa kijijini: damu haionekani, wahusika wanafahamiana, na msomaji anapewa kila dalili anayopewa polisi ili naye ajaribu kumtambua muuaji. Barua nyingi zimetoka kando ya Ziwa Victoria, na walioziandika wengi wako katikati ya hadithi zao. Haya ndiyo majibu yetu.

Ndugu wahariri, salaam. Shujaa wangu ni konstebo anayekaa peke yake katika kijiji cha uvuvi huku Ukerewe. Anakuta maiti, anapeleleza, anakamata na kupokea ungamo la muuaji. Mwalimu mmoja aliyesoma mswada ameniambia polisi wa namna hiyo hayupo. Nimrekebishe vipi bila kuua hadithi?
*Msomaji, Nansio*

Mwalimu huyo yuko sahihi kwa mambo mawili. La kwanza ni cheo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inapomtaja ofisa wa polisi anayeweza kupokea ungamo, inamaanisha askari wa cheo cha koplo na kuendelea. Muuaji akimwungamia konstebo wako ufukweni, wakili wa utetezi atakuwa na kazi nyepesi sana. Mpandishe shujaa awe mkaguzi msaidizi, kisha umfanye mkaguzi wa kata. Huyo ni askari ambaye kweli hupangiwa kata na kutakiwa awajue watu wake kwa majina.

La pili ni upweke. Kijiji kina mwenyekiti, mtendaji, wenyeviti wa vitongoji na mgambo. Sehemu nyingi za Usukumani kuna sungusungu pia, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, nao una BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe kinacholinda rasilimali na kujua mitumbwi ya hapo. Taarifa ya maiti itamfikia mwenyekiti kabla ya afande, na afande atakapofika, nusu ya kijiji itakuwa imekwisha kukanyaga mchanga ule. Andika hivyohivyo. Nyayo zilizoharibika zinakuondolea jibu la haraka, na afande analazimika kuuliza watu.

Akifika, kwanza ahakikishe kama mtu yu hai. Aliye hai anaandikiwa PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo kutibiwa, na kukimbizwa hospitali; wengi hukosea kwa kumwandikia PF3 marehemu. Akiwa amefariki, afande anawasogeza watu nyuma, anapiga simu kituoni, na kutoka hapo habari inapanda kwa mkuu wa polisi wa wilaya na mkuu wa upelelezi wa wilaya. Wakati anawasubiri, anachora ramani ya eneo la tukio kwa kalamu: maiti ilipolala, hatua ngapi kutoka majini, mlango upi uko wazi. Anaandika majina ya waliokuwepo na saa aliyofika. Maiti haizikwi mpaka daktari aifanyie uchunguzi na ndugu waitambue mbele yake. Familia ikiwa ya Kiislamu, shinikizo la kuzika siku hiyohiyo litakuwa kubwa, na afande atalazimika kusimama mbele ya wazee akiwa ameshika kofia mkononi, awaombe subira. Wakizika kwanza, kufukua kunahitaji amri ya mahakama.

Uhuru wa shujaa wako uko katika muda wa kusubiri. Kati ya simu na boti ya kutoka Nansio kuna saa ambazo kijiji kiko mikononi mwake peke yake. Wakishafika wapelelezi wa wilaya, kesi ni yao. Wao wana amri na gari, yeye anajua nani hasalimiani na nani. Hapo ndipo mtu asiye na hatia hukamatwa, na kwa kuwa kosa la mauaji halina dhamana, kila siku ambayo afande anachelewa kuujua ukweli mtu huyo anailalia mahabusu. Humhitaji tena muuaji wa pili ili kuongeza presha.

Kuna saa nyingine unayoweza kuichezea. Mshukiwa akishawekwa chini ya ulinzi, maelezo yake ya onyo, yaani anayoyatoa kwa polisi baada ya kuonywa juu ya haki zake, yanatakiwa kuandikwa ndani ya saa nne, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu wa sheria. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Kisiwani, swali la boti iliondoka saa ngapi na kama kweli ilikuwa safarini muda wote linaweza kubeba sura nzima. Halafu usimfikishe muuaji mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo au ya wilaya na kumhukumu hapo. Mahakama ya chini humsomea shitaka, naye hatakiwi kujibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka. Kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu.

Naweza kumaliza kesi kwa alama za vidole kwenye kasia?
*Msomaji, Magu*

Usifanye hivyo. Mbao mbichi, yenye maji na magamba ya samaki, iliyoshikwa na watu wanne usiku kucha haitakupa alama safi. Hata ingekupa, kasia la mtumbwi wa watu wengi linashikwa na kila mtu kwa haki. Ukihitaji maabara, ipeleke sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza, na majibu yafike baada ya afande kuwa amekwisha kujua. Maabara ithibitishe alichokwisha kukigundua.

Wahariri, nina tatizo la dalili. Nikiziweka wazi, wasomaji wangu wa kundi la WhatsApp wanamtaja muuaji sehemu ya tatu. Nikizificha, wanalalamika kwamba nimewadanganya. Kipimo chake ni kipi?
*Msomaji, Kirumba, Mwanza*

Swali hili limeulizwa na watu wengi, nasi tunalijibu kwa urefu kwa sababu wanaoishi kando ya ziwa wana hazina ambayo hawaitumii.

Kijijini hakuna siri ndogo. Kila mtu anajua nani kanunua bati na nani karudi na kilo ngapi. Ukijaribu kuficha kitu kama barua chini ya godoro, au pete kwenye pipa la unga, unapigana na kijiji chenyewe. Dalili nzuri ya kijijini ni jambo ambalo wote wanaliona na hakuna anayelitaja, kwa kuwa kwao ni la kawaida. Mgeni hulikosa, msomaji hulipita, na afande, ambaye ni mgeni nusu na mwenyeji nusu, ndiye pekee anayeweza kulisikia.

Chukua mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, karabai za mafuta zamani na taa za sola siku hizi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haushindi, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika wiki moja hadi siku kumi hivi. Basi mtu akimwambia mpelelezi kuwa usiku wa mwezi mpevu alikuwa kwenye dagaa mpaka alfajiri, amedanganya, na kila mtoto wa mwaloni anajua. Mpelelezi wa wilaya anaandika tu.

Itazame ikiwa imefanyiwa kazi. Kifo kimetokea usiku wa Alhamisi Kuu. Hii ni asubuhi yake, sehemu ya kwanza ya hadithi:

*Ijumaa Kuu Afande Masanja alikuta mwalo umejaa watu. Mama Kulwa alikuwa akigombana na mnunuzi wa mjini aliyetaka ndoo ya pili kwa bei ya ndoo moja. Karabai sita zilikuwa zimepangwa barazani kwa Mzee Bwire, vioo vimefutwa, na chini yake kuku alikuwa ametaga. Malima alikuwa amelala mchangani, kofia usoni. "Shikamoo, mama," alisema afande. "Huyu mjini kakukosea nini?" "Marahaba, baba. Ananiona mimi nina mtambo wa kutengeneza dagaa? Hizi ndizo za mwisho, na yeye anajua."*

Taa safi zimepangwa barazani. Kuku ametaga chini yake, maana yake hazijasogezwa kwa siku kadhaa. Mama analalamika hana dagaa mpya. Dalili tatu za jambo moja, na hakuna iliyosemwa kama dalili, kwa sababu macho ya msomaji yako kwenye ugomvi wa ndoo. Katika sehemu ya nne, Malima anamwambia mpelelezi wa wilaya kwamba alikesha ziwani. Msomaji mwangalifu ana kila anachohitaji, na asiyekuwa mwangalifu hana pa kulalamikia.

Sasa vipimo. Dalili yenye uzito irudi mara mbili, kila mara kwa sura tofauti: mara ya kwanza kitu kinachoonekana, mara ya pili maneno ya mtu anayezungumzia jambo lingine. Iweke katikati ya orodha, kamwe isiwe ya mwisho, na usiifungie sehemu nayo. Mstari wa mwisho wa sehemu ndio wasomaji wa WhatsApp wanaounakili na kuujadili usiku kucha. Jirani ya dalili weka kitu chenye hasira au njaa, kwa kuwa msomaji hufuata hisia. Kati ya dalili na matumizi yake ziwepo sehemu mbili au zaidi.

Kosa linaloharibu hadithi nyingi nzuri ni kudhani kila msomaji anaijua kanuni. Msomaji wa Dodoma hajui habari za mbalamwezi. Mfundishe mapema, kwa mdomo wa mtu mwenye sababu yake ya kusema: kijana anayeomba mkopo dukani anaahidi kulipa "giza likirudi". Asifundishwe siku ya ufumbuzi, hapo atasema umemtolea kadi mfukoni.

Na mwezi wako uangalie kwenye kalenda. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo Juma Kuu huwa karibu na mbalamwezi, ila si kila mwaka kwa kiwango kilekile. Alhamisi Kuu ya 2026, tarehe 2 Aprili, inaangukia siku ya mwezi mpevu wenyewe, na hadithi yetu hapo juu inasimama. Mwaka 2025 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 18 Aprili, siku tano baada ya mwezi mpevu. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika hamsini hivi kila siku, hivyo usiku huo ulichomoza baada ya saa nne. Saa za mwanzo zilikuwa giza tupu na Malima angeweza kweli kwenda ziwani. Idi el-Fitri ni kinyume chake: mwezi ndio kwanza umeandama, unazama mapema, na usiku ni mweusi. Kwa kutaja sikukuu tu umempa msomaji hali ya mwezi bila kuutaja mwezi.

Upepo ni dalili nyingine ambayo hatuoni ikitumika. Kwa kawaida usiku upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka kuja pwani. Mtumbwi uliofunguliwa kamba usiku wa manane hutarajii kuukuta asubuhi umekwama palepale mwaloni. Ungekuwa umeelea nje. Ukikutwa pwani kabla ya upepo kugeuka, kuna mtu aliuleta. Amua mapema mwalo wako unatazama upande gani, na ikiwa hadithi ni ya Juni hadi Agosti, kumbuka upepo wa kusini-mashariki huwa na nguvu na huvuruga mpangilio huu. Magugu maji nayo husukumwa na upepo: mwalo uliokuwa wazi jioni unaweza kuzibwa asubuhi, na anayesema alipita hapo kwa boti saa kumi na mbili aeleze alipitaje.

Ujumbe wa pesa kwenye simu una saa na dakika, utumie. Ila afande hapati taarifa za laini ya mtu kwa kupiga simu kwa rafiki. Kuna maombi rasmi, na huchukua siku. Wanaoandika kuhusu Sengerema nao watamke mwaka: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na tangu hapo kisingizio cha foleni ya kivuko hakina kazi.

Maiti yangu inaelea ziwani asubuhi baada ya mauaji ya usiku uleule. Afande anaigusa na kusema alikufa saa tano usiku. Kuna ubaya?
*Msomaji, Musoma*

Upo. Aliyezama ziwani kwa kawaida hushuka chini kwanza, na katika maji yetu ya vuguvugu huibuka siku ya pili au ya tatu, gesi zinapoanza kujaa mwilini. Ukitaka akutwe asubuhi ileile, mlaze kwenye maji ya magotini, ndani ya mtumbwi, au anaswe na nyavu na magugu.

Saa kamili ya kifo haitajwi kwa kugusa, na maji hupokonya joto la mwili haraka kuliko hewa, hivyo kipimo hicho ndicho kibovu kuliko vyote. Nchi kavu mwili huanza kukakamaa taya na shingo baada ya saa mbili hadi nne, hukaza wote kwa saa kumi na mbili hivi, kisha hulegea siku inayofuata. Joto huharakisha mambo yote hayo. Afande mzuri anaandika alichokiona tu: "shingo imekaza, vidole bado." Anayefasiri ni daktari.

Kuna kitu kimoja ambacho hata mkulima makini angeweza kukiona. Damu hushuka upande wa chini wa mwili na kuacha weusi, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili weusi huo hauhami tena. Marehemu akikutwa kifudifudi na weusi uko mgongoni, alilala chali kwa saa nyingi kabla ya kugeuzwa. Mwoshaji wa maiti au shangazi aliyemvika sanda atalitaja hilo bila kujua uzito wake. Mistari miwili inatosha. Aina hii ya hadithi haikai na maiti.

Shikamooni wahariri. Kijijini kwetu kila kifo cha ghafla kinasemwa ni uchawi. Nikiacha, hadithi inakuwa ya uongo. Nikiweka, naogopa. Naomba mwongozo.
*Msomaji, Sengerema*

Marahaba. Hofu yako ni ya haki, na tunakuomba uishike mpaka mwisho wa kuandika. Katika mikoa yetu ya ziwa bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi jikoni kwa miaka arobaini. Watu wenye ualbino wamewindwa. Haya hayawi pambo la hadithi ya kusomwa kwa raha na kikombe cha chai. Usimweke bibi wa macho mekundu ili kutisha msomaji, na usiandike mauaji ya ualbino kama fumbo la kuchezea.

Uvumi wenyewe lakini ni ukweli wa kijiji, na una kazi ya kufanya. Upe kazi mbili. Kwanza, uzuie maswali: watu wakishakubaliana kuwa marehemu karogwa, hakuna anayejishughulisha kukumbuka nani alimletea uji jioni ile. Muuaji anaihitaji hali hiyo, na mara nyingi yeye si aliyeanzisha uvumi, ameukuta tu na kuuacha ukue. Pili, umwongezee afande jukumu. Mtu akitajwa, afande anapaswa kumlinda kabla ya kuendelea na lolote: amhamishie kwa binti yake kijiji cha pili, azungumze na kamanda wa sungusungu, amwonye mpiga ramli chonganishi kwamba kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi. Sura moja ya kumsindikiza bibi huyo usiku kwa bodaboda itamfanya msomaji ampende afande kuliko kurasa kumi za akili yake kali.

Usimpe hotuba. Afande akisimama kukihutubia kijiji kwamba uchawi haupo, wasomaji wako nusu watafunga. Aulize tu saa. "Alikula nini, akala saa ngapi, nani alikuwepo." Aulize hivyo kwa kila mtu, kwa sauti ileile, na uvumi utapungua wenyewe. Ukurasa wa mwisho usiache mlango wazi kwamba labda uvumi ulikuwa kweli. Mwandishi anayefanya hivyo kwa ajili ya utamu anamwacha bibi yule hatarini.

Washukiwa wangapi, na niwagaweje kwenye hadithi ya sehemu kumi na mbili?
*Msomaji, Bukoba*

Sehemu kumi na mbili za maneno 1,500 ni maneno 18,000. Hapo washukiwa watano wanatosha. Wa sita mhitaji ukifika riwaya ya maneno 60,000. Wakiwa watatu msomaji anabahatisha, wakiwa wanane anasahau majina.

Kila mmoja mpe siri, pengo la muda lisiloelezeka, na kitu anachokishika. Mnunuzi wa mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, anaficha deni, haonekani kati ya saa tatu na saa sita usiku, ana mizani. Kijana wa kokoro anaficha nyavu haramu. Mjane anaficha barua ya shamba. Siri nne kati ya tano ziwe za kweli lakini zisihusiane na kifo. Afande anazifungua moja moja, na kila iliyofunguka inamwondoa mtu kwenye orodha huku ikiacha kipande kidogo cha muda wa marehemu. Bila hicho kipande msomaji ataona amepotezewa sehemu nzima.

Kifo kiwe kimetokea kabla sehemu ya pili haijaisha. Mtu asiye na hatia akamatwe sehemu ya tano. Dalili ya mwisho iwe imeonekana ifikapo ya tisa, halafu usiongeze mpya. Muuaji awe amezungumza katika sehemu ya kwanza au ya pili, na arudi angalau mara nne, akiwa na manufaa: anayeleta maji, anayejua namba ya simu ya daktari. Chuki iliyo wazi wape wengine.

Kuhusu mabondo: kibofu hicho kinauzwa kwa bei kubwa kuliko nyama ya sangara, ni chepesi na kinafichika. Kwa mwalo wa sangara hatujui sababu ya wizi na usaliti inayoaminika zaidi ya hiyo.

Nimeandika hadithi tatu na afande wangu. Watu wanauliza kijiji kimoja kitauawa watu wangapi, na polisi gani hahamishwi.
*Msomaji, Igoma, Mwanza*

Mwandishi M. C. Beaton alilitatua la uhamisho tangu kitabu cha kwanza cha polisi wake Hamish Macbeth mwaka 1985. Hamish anakipenda kijiji chake cha Lochdubh, nyanda za juu za Uskochi, na hataki kupandishwa cheo kupelekwa mjini, kwa hiyo akimaliza kesi anamwachia sifa mkubwa wake. Mbinu hiyo inafanya kazi hapa vizuri. Mkuu wa upelelezi anasimama mbele ya waandishi wa habari, afande anarudi kwenye shamba lake la muhogo, na kila hadithi inaacha mvutano kati yao kwa ajili ya ile inayofuata. Sababu yake ya kutotaka kuhama iwe moja na ionekane: mama mgonjwa, ng'ombe watatu, binti wa mwalimu.

Wingi wa vifo usikusumbue. Mwalo haufanani na kijiji cha wakulima. Watu huja na msimu. Makambi ya dagaa hupokea vijana kutoka mikoa mingine, wanunuzi hulala siku tatu na kuondoka, mafundi injini huzunguka. Marehemu awe mgeni mara mbili kati ya tatu, na muuaji awe mwenyeji mara moja kati ya tatu. Ukimtoa mwenyeji, kijiji kiendelee kumkumbuka katika hadithi inayofuata: duka lake lina mtu mwingine, mkewe hashuki tena mwaloni.

Mwisho wa hadithi: nikiwakusanya washukiwa wote sebuleni, wasomaji wanasema hiyo ni ya Wazungu. Niwakusanye wapi?
*Msomaji, Misungwi*

Siku ya kuondoa matanga. Wote wana sababu ya kuwepo, na asiyekuja anaonekana. Msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye aseme. Hakuna baraza la upelelezi linalouliza swali zuri kuliko hilo. Muuaji anayedaiwa atanyamaza huku watu watatu wanajua deni lake. Au atajitokeza kudai kiasi ambacho marehemu alikiandika usiku wa mwisho, na daftari hilo hakuna aliyeliona isipokuwa aliyekuwa chumbani.

Afande akae nyuma na wanaume, asiwe mbele. Asiseme zaidi ya mambo matatu, kwa mfuatano wa saa, na yote yawe yamekwisha kuonekana na msomaji. Aongee na mkubwa wa ukoo kwanza, kando, ili mjane asishtukizwe mbele za watu. Kijiji hakitamsamehe afande aliyevuruga matanga. Gari la wilaya lisubiri barabarani. Mshukiwa atoke nalo baada ya wali kupakuliwa, bila pingu mbele ya watoto, na saa nne za maelezo zianze kuhesabiwa. Akitaka kuungama, umpeleke kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ungamo lililoandikwa hapo ni gumu kuliangusha kuliko lililotolewa chini ya mwembe.